Kache ya wavuti na mafaili makubwa: namna ya kupanga mipaka pale mtandao unapokuwa ghali

Kiswahili si lugha ya walio wengi katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Mweru, mkoani Luapula, Zambia. Kibemba na lugha nyingine za wenyeji ndizo zinazotawala. Hata hivyo Kiswahili husikika katika soko la samaki la Kashikishi, kwa wafanyabiashara wanaovuka kutoka Pweto na Kilwa upande wa Kongo, na katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala wilayani Nchelenge, yaliyofunguliwa mwaka 2018 baada ya maelfu ya watu kukimbia mapigano katika mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika.

Msikilizaji wa huko aliyekosa taarifa ya habari ya jioni na kutaka kuisikia kwa simu hulipa kwa bando lake. Kipindi cha nusu saa kilichorekodiwa kwa kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde kina uzito wa megabaiti 14.4. Akikisikiliza leo, kesho akarudia sehemu moja ili amsikilizishe jirani, kisha simu ikakipakua chote upya, amelipa megabaiti 28.8 kwa kipindi kimoja. Aliyepanga programu ya wavuti angeweza kumwokolea nusu ya gharama hiyo kwa kuweka kache yenye mipaka sahihi. Angeweza pia kumwongezea hasara bila kujua.

Makala hii inaeleza jinsi mipaka hiyo inavyofanya kazi, hasa pale vitu vinavyohifadhiwa vinapokuwa vikubwa: rekodi za sauti, video, picha za eksirei, ramani, au ripoti ndefu. Imekusudiwa kwa mtu anayetunza mfumo mdogo wa shule, zahanati, ushirika au kituo cha redio, na pia kwa msomaji anayetaka kujua kwa nini ukurasa mmoja hufunguka upesi na mwingine humla bando.

Kache na mpaka wake

Kache ni akiba ya muda. Programu inapopata kitu kwa gharama, iwe gharama ya muda, ya umeme au ya mtandao, huweka nakala yake mahali pa karibu ili kikihitajika tena kisifuatwe mbali. Nakala hiyo inaweza kukaa katika kumbukumbu ya seva, katika diski ya seva, katika mtambo ulio njiani, au ndani ya kivinjari cha simu ya msomaji.

Akiba isiyo na mpaka huishia kujaza mahali pote. Kwa hiyo kila kache huwekewa angalau viwango viwili, na ni muhimu kutovichanganya. Cha kwanza ni ukubwa wa akiba yote. Cha pili ni ukubwa wa juu wa kitu kimoja kinachoruhusiwa kuingia. Mfanyabiashara wa Kashikishi anayefungasha samaki kwa ajili ya safari ya Copperbelt anaijua tofauti hiyo: kasha la barafu lina ujazo wake, lakini pia kuna samaki ambaye akiingizwa, kumi wengine hubaki nje. Kurasa za maandishi za kilobaiti 60 ni samaki wadogo. Rekodi moja ya megabaiti 14.4 huchukua nafasi ya kurasa 240 kama hizo.

Kosa la kimya

Kosa la kawaida kabisa halitoi sauti. Memcached, mfumo wa akiba ya kumbukumbu unaotumika sana, hukataa kwa kawaida kitu chochote kinachozidi megabaiti 1, na hutengewa megabaiti 64 tu za kumbukumbu iwapo msimamizi hakusema vinginevyo. Programu ikijaribu kuweka humo rekodi ya megabaiti 14.4, hujibiwa kwamba haikuwekwa. Waandishi wengi wa programu hawalisomi jibu hilo. Wanaandika msimbo wenye mantiki ya "tafuta katika akiba, usipopata kalete, kisha weka", na kuamini kwamba kazi imekwisha. Kinachotokea ni kwamba kila ombi linatafuta, linakosa, linaleta kutoka mbali, linajaribu kuweka na kukataliwa. Kache ipo, inafanya kazi, na haijawahi kumsaidia msikilizaji hata mmoja wa rekodi hiyo.

Squid, mtambo wa kati ambao shule na vyuo vingi vya Afrika viliutumia kugawana laini moja ya intaneti, una mtego wa aina hiyohiyo. Mpaka wake wa kawaida wa kitu kimoja ni megabaiti 4. Chuo kilichouweka bila kubadilisha kiwango hicho kiliokoa picha na kurasa ndogo huku mihadhara ya sauti ikipita moja kwa moja, kila mwanafunzi na nakala yake.

Dawa ya kwanza, kwa hiyo, si kupandisha mpaka. Ni kuhakikisha kwamba kila kukataliwa kunaandikwa mahali panapoonekana: jina la kitu, ukubwa wake, na sababu. Msimamizi akiisoma orodha hiyo kwa wiki moja atajua ni kipi hasa kinachogonga mlango na kurudishwa. Mara nyingi hugundua kwamba ni aina moja au mbili tu za faili.

Kuhesabu vichwa au kupima uzito

Baadhi ya mifumo haipimi ukubwa hata kidogo, bali huhesabu idadi. Django, mfumo maarufu wa kutengenezea tovuti kwa lugha ya Python, huweka katika kache zake za ndani mpaka wa vitu 300. Ukifikiwa, theluthi moja ya vitu hufutwa. Kwa kurasa za kilobaiti 60 jumla hiyo ni megabaiti 18, jambo lisilomtisha mtu. Kwa rekodi za megabaiti 14.4, vitu 300 ni megabaiti 4,320. Seva ndogo yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu haiwezi kuubeba mzigo huo, ilhali mpaka uliowekwa haujavukwa. Zaidi ya hayo, kache ya Django inayokaa katika kumbukumbu haigawanywi baina ya michakato ya seva: kila mchakato hujijengea ya kwake. Michakato minne ina maana ya nakala nne.

Katika mazingira ya .NET hali ni ya kinyume kidogo. Mpaka wa ukubwa upo, lakini hauna kipimo. Mwandishi wa programu ndiye anayetangaza kila kitu kina "ukubwa" gani, na mfumo humwamini. Akiandika kwamba kila kitu ni 1, amerudi kuhesabu vichwa. Si kosa la mfumo, lakini ni vyema kulijua kabla ya kuona namba nzuri kwenye ukurasa wa takwimu na kuridhika.

Redis huja na tabia nyingine inayostahili tahadhari. Katika mitambo ya biti 64 haina mpaka wowote wa kumbukumbu mpaka msimamizi auweke, na hata akiuweka, kanuni yake ya awali ni kutofuta chochote: akiba ikijaa, maandishi mapya hukataliwa kwa kosa. Kwa hifadhidata hilo ni jambo la busara. Kwa kache ni balaa, kwa sababu siku ya kujaa ndiyo siku wageni ni wengi.

Diski, muda na wageni wachache

Mafaili makubwa makazi yake ya asili ni diski, si kumbukumbu. Hapo ndipo nginx, seva inayotumika sana mbele ya programu za wavuti, inapofaa. Agizo lake la max_size huweka ukubwa wa akiba yote. Akiba ikizidi, msimamizi wa ndani wa nginx huanza kufuta vitu ambavyo havijaguswa kwa muda mrefu kuliko vingine. Agizo lisipoandikwa, akiba inaweza kuendelea kukua hadi diski ikaribie kujaa, na diski iliyojaa haiumizi kache peke yake. Hifadhidata inayokaa kwenye diski hiyohiyo nayo husimama.

Lakini kwa seva ya mahali kama Nchelenge, agizo la kuangaliwa kwanza ni jingine: inactive. Thamani yake ya kawaida ni dakika 10. Maana yake ni kwamba kitu kisichoombwa na mtu yeyote kwa dakika 10 hufutwa hata kama bado ni kipya na hata kama diski iko tupu. Katika tovuti ya Lusaka yenye maelfu ya wageni kwa saa, dakika 10 ni muda mrefu. Katika seva inayohudumia shule moja, mwalimu anaweza kufungua somo saa mbili asubuhi, darasa la pili likalihitaji saa nne, na somo lote likashushwa upya kupitia laini ileile. Msimamizi atapandisha ukubwa wa akiba mara mbili, mara tatu, na hataona badiliko lolote, kwa sababu kinachokosekana si nafasi bali subira. Kuweka siku 7 au 30 badala ya dakika 10 ni mabadiliko ya neno moja.

Jambo jingine ni mkusanyiko wa maombi. Kipindi kipya kinapotangazwa na watu ishirini wakakifungua kwa pamoja kabla nakala ya kwanza haijakamilika, nginx kwa kawaida huenda kukileta mara ishirini. Ipo kufuli ya kuzuia hali hiyo, proxy_cache_lock, lakini huja ikiwa imezimwa. Na pale laini inapokatika mara kwa mara, inafaa kukata faili kubwa vipande vya megabaiti 1, kila kipande kikahifadhiwa peke yake. Aliyefika nusu ya kipindi kabla mtandao haujapotea ataendelea pale alipoishia, na nusu iliyokwisha kuja haipotei. Moduli ya nginx inayofanya hivyo lazima iwekwe wakati programu inapotengenezwa, kwa hiyo ni vyema kuulizia mapema.

Varnish, mtambo mwingine wa aina hii, unaonyesha vizuri gharama ya kitu kikubwa kuliko akiba yake. Unapokosa nafasi, hufuta vitu vya zamani ili kumpisha mgeni, lakini kwa kawaida haufuti zaidi ya 50 kwa ajili ya kitu kimoja. Kama kurasa 50 za kilobaiti 60 zimetupwa, zimepatikana megabaiti 3 tu. Faili la megabaiti 14.4 bado halienei, na kurasa 50 zimekwisha kupotea. Hasara ni ya pande zote mbili.

Nani aondolewe kwanza

Akiba ikijaa, lazima kitu kitoke. Kanuni iliyozoeleka ni kumtoa aliyekaa muda mrefu zaidi bila kuombwa. Ni kanuni nyepesi na haiangalii uzito, ndiyo maana video moja iliyotazamwa mara moja inaweza kuwafukuza mamia ya wadogo wanaotumika kila siku. Mwaka 1997 watafiti Pei Cao na Sandy Irani walipendekeza kanuni inayopima pamoja ukubwa wa kitu na gharama ya kukileta. Squid ina kanuni mbili zinazotokana na fikra za namna hiyo: moja hupendelea vitu vidogo vinavyopendwa, na nyingine hubakisha vinavyopendwa bila kujali ukubwa.

Uchaguzi kati ya hizo mbili ni swali la nani analipa nini. Ya kwanza huongeza idadi ya maombi yanayojibiwa papo hapo, nayo humpendeza mtumiaji asiye na subira. Ya pili huongeza idadi ya baiti zinazookolewa, nayo humpendeza anayelipia laini. Mahali ambapo bando ni ghali, ya pili ina hoja nzito zaidi, ingawa vitabu vingi vya mafunzo, vilivyoandikwa katika nchi ambazo laini ni nafuu, huanza na ya kwanza.

Zambia ina mfano wake unaojulikana. Katika kijiji cha Macha, Mkoa wa Kusini, jamii iliunganishwa kwa setilaiti, na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, pamoja na wenzao wa Macha, walichambua matumizi ya laini hiyo katika utafiti uliotolewa mwaka 2011. Kiwango kilichohakikishwa cha kushusha data kilikuwa kilobiti 128 kwa sekunde kwa wote. Kwa kasi hiyo, kipindi kimoja cha megabaiti 14.4 kingeshika laini yote kwa dakika 15. Watafiti hao waliona pia kwamba sehemu kubwa ya mawasiliano ilikuwa baina ya watu wa Macha wenyewe, kwenda hadi angani na kurudi kijijini. Nairobi, kampuni ya BRCK ilifuata njia nyingine ya kuleta karibu: ilifunga ndani ya matatu visanduku vyenye diski zilizojaa maudhui, abiria wakayapata bila kupitia mtandao wa nje.

Mitambo ya kati ya aina ya Squid imepungua nguvu tangu tovuti nyingi zianze kufunga mawasiliano yao kwa HTTPS, kwa sababu mtambo ulio njiani hauoni tena kinachopita. Kazi ya kuhifadhi imehamia ncha mbili: kwa mwenye programu na kwa simu ya mtumiaji.

Hesabu ya mfano

Tuchukue seva yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 40, inayotoa kurasa za habari na vipindi viwili vya nusu saa kwa siku. Vipindi vya siku 30 ni 60, jumla megabaiti 864. Rafu ya gigabaiti 2 kwenye diski inatosha kwa miezi miwili, na inabaki nafasi. Kurasa 2,000 za kilobaiti 60 ni megabaiti 120. Hizo zikae kwenye kumbukumbu, katika rafu yake ya megabaiti 256, yenye mpaka wa megabaiti 1 kwa kitu. Hakuna sababu ya rafu hizo mbili kuwa moja.

Sasa mtu aongeze video ya saa moja kwa kasi ya megabiti 1.5 kwa sekunde. Uzito wake ni megabaiti 675, sawa na rekodi 46 za sauti na ziada. Ikiruhusiwa katika rafu ya gigabaiti 2, video tatu zinaifukuza miezi yote miwili. Kiwango kinachofaa ni kutoruhusu kitu kimoja kuzidi takriban sehemu moja ya ishirini ya rafu yake, hapa megabaiti 100, na video ipewe rafu ya tatu au isihifadhiwe kabisa.

Kabla ya yote hayo, ipunguzwe faili yenyewe. Sauti ya mtu anayesoma habari haihitaji kilobiti 64. Kwa kodeki ya Opus, kilobiti 24 zinatosha kusikika vizuri, na nusu saa hushuka hadi megabaiti 5.4. Hakuna mpaka wa kache unaookoa bando kwa kiwango hicho.

Ndani ya simu

Hatari kubwa kuliko zote iko kwenye simu. Vivinjari huruhusu programu ya wavuti kuhifadhi data ili ifanye kazi bila mtandao, lakini kila kimoja kina kiwango chake. Hifadhi sahili ya localStorage ina takriban megabaiti 5. Hifadhi kubwa zaidi hutegemea diski: Chrome huweza kuruhusu tovuti moja hadi asilimia 60 ya diski, Firefox kwa kawaida asilimia 10 au gigabaiti 10, yaani kile kilicho kidogo. Safari hufuta data iliyowekwa na tovuti ambayo mtumiaji hajaigusa kwa siku 7 za matumizi ya kivinjari, isipokuwa programu iliyowekwa kwenye skrini ya mwanzo. Kuna pia hesabu ya kushangaza ndani ya Chrome: faili iliyochukuliwa kutoka tovuti nyingine bila ruhusa ya wazi ya kusomwa huhesabiwa kuwa na takriban megabaiti 7 au zaidi, hata kama ni picha ya kilobaiti 10. Picha 100 za namna hiyo "hula" megabaiti 700 za kiwango.

Simu inapoishiwa nafasi, kivinjari hakichagui faili moja moja. Hufuta data yote ya tovuti ambayo haijatumika kwa muda mrefu kuliko nyingine, kwa mkupuo mmoja.

Tuseme mhudumu wa afya wa jamii anatembelea kaya katika visiwa vya Kilwa au Isokwe (Kilwa hii ni kisiwa cha Zambia, si mji wa Kongo ulio ng'ambo, wala ile ya pwani ya Tanzania). Nchelenge ni mojawapo ya wilaya zenye maambukizi makubwa ya malaria nchini Zambia, na fomu za vipimo ni kazi ya kila siku. Anajaza fomu kwenye kivinjari bila mtandao, akikusudia kuzituma atakaporudi nchi kavu. Programu hiyohiyo imemhifadhia video sita za mafunzo. Simu ina gigabaiti 16, picha za familia zimejaa, na kivinjari kinatafuta nafasi. Kikiifuta tovuti hiyo, video zinaondoka, na fomu za kaya zote alizotembelea zinaondoka nazo. Video zitapakuliwa tena. Vipimo vya watoto havitapimwa tena.

Ndiyo maana data isiyo na nakala kwingine haipaswi kuitwa kache wala kupangwa kama kache. Mwandishi wa programu anaweza kuomba kivinjari kiitunze kwa kudumu, kwa amri ya navigator.storage.persist, na anaweza kuuliza nafasi iliyobaki kabla ya kupakua kitu kikubwa. Ombi la kwanza linaweza kukataliwa. Likikataliwa, programu isipakue video yoyote katika simu hiyo, na ioneshe juu ya skrini, kwa namba, fomu ambazo bado hazijatumwa, ili mhudumu azione kabla hajapanda boti kwenda kisiwa kinachofuata.